Shangazi, nimepewa kazi ya kuandika maisha ya bibi na kuna jambo sijui kama niliweke

Shikamoo Shangazi. Samahani barua itakuwa ndefu, nimeiandika na kuifuta mara nyingi mno na leo nimeamua niitume hivyo hivyo ilivyo.

Bibi yangu mzaa mama alifariki miezi saba iliyopita, alikuwa na miaka 84. Ndiye aliyenilea toka nina miaka sita maana mama alikuwa anafanya kazi mbali, kwa hiyo mi ukinitajia neno mama kichwani zinakuja sura mbili na ya kwanza ni ya bibi. Sasa familia wanaandaa kijitabu cha kumkumbuka atakapotimiza mwaka, kitakuwa na picha na historia yake, kila mjukuu apate nakala, na kazi ya kuandika wamenipa mimi kwa sababu ndo nimekaa naye muda mrefu kuliko wote. Nikakubali palepale bila kufikiria. Hii ni wiki ya tano nina ukurasa mmoja na huo wenyewe siupendi.

Mama mdogo ambaye ndo anasimamia kila kitu kanitumia orodha ya mambo ya kuweka. Alikuwa mcha Mungu, mpole, mvumilivu, mwombaji, hakuwahi kutetereka katika imani hata siku moja. Huo upole tuuache kwanza, bibi alikuwa mkali jamani, akinuna alikuwa ananuna siku mbili nzima nyumba yote inajua. Ila uombaji ni kweli kabisa. Saa kumi alfajiri nilikuwa namsikia anaamka, anatafuta miwani kwa kupapasa, halafu anaanza kutaja majina ya watu mmoja mmoja kwa sauti ya chini, watoto, wajukuu, wagonjwa, hadi jirani mmoja waliyegombana naye miaka na miaka, jina lake lilikuwemo kila siku na hakuwahi kulitaja kwa hasira. Mi nilikuwa nasubiri nisikie langu ndo narudi kulala.

Tatizo langu lipo kwenye hilo la kutotetereka. Miaka miwili kabla hajafa aliumwa sana nikawa nalala chumbani kwake. Usiku mmoja usingizi ukamkatalia akaanza kunihadithia habari za mjomba, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki 1987 akiwa na miaka 22. Akaniambia baada ya kumzika alikaa karibu miaka miwili hawezi kuomba. Kanisani alikuwa anaenda kila Jumapili, hakukosa hata moja, anavaa, anajifunga kitambaa, anaenda anakaa, watu wanaimba yeye kashika kitabu cha nyimbo kafungua ukurasa ule ule wa wenzie ila mdomo kaufunga. Akasema, "Nilikuwa namwambia Mungu, nimekuja, ila sina la kukwambia." Halafu akasema haya sijawahi kumwambia mtu. Akageukia ukutani, baada ya muda nikasikia analala.

Biblia yake ninayo mimi. Alikuwa na tabia ya kuandika tarehe kwa penseli pembeni ya mistari, zinaanza 1968 na kila mwaka zipo. Baada ya ile habari nikaenda kuangalia, na kweli, toka katikati ya 1987 hakuna tarehe hata moja hadi 1989. Inayofuata ipo kwenye Zaburi ya 13, juu kabisa, mstari wa kwanza. Sikuelewa kwa nini hapo, mi nilitegemea ianzie kwenye mstari wa furaha.

Sasa nikiandika kuwa hakuwahi kutetereka nitakuwa nadanganya juu ya mtu aliyenifundisha kutodanganya, na nikiandika ukweli naogopa mama mdogo ataona nimemvua nguo mama yake mbele za watu. Na je ile ilikuwa siri?

Halafu kuna jingine naona aibu hata kulisema. Tangu tumzike mi mwenyewe siwezi kuomba. Kazini naenda, nakula, nalala, nacheka na watu, ila nikipiga magoti hakuna kitu kinatoka, nanyanyuka. Sa nakaa nimeandika "bibi alikuwa mwanamke wa imani" najiona mnafiki tu. Na kulia pia, siku ya mazishi sikulia kabisa, ila wiki iliyopita nimeona miwani yake kwenye droo nikalia mpaka kichwa kikauma, miezi saba baadaye, ni kawaida kweli?

La mwisho, kwenye simu yangu nina voisi zake 43 za WhatsApp. Sijawahi kuzirudia. Ya mwisho kabisa alituma siku mbili kabla, ina sekunde 47 na sijaifungua mpaka leo. Simu yenyewe imeanza kujizima.

Nifanyeje Shangazi?

Mjukuu wa Bibi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole kwa bibi, na pole kwa hizo wiki tano za kukaa na ukurasa mmoja.

Nianze na la mwisho maana ndo haliwezi kusubiri. Hizo voisi ziokoe leo, usilale kabla hujafanya. Huhitaji kuzisikiliza ili uzihifadhi, ni vitu viwili tofauti na nahisi ulikuwa unaviona kama kimoja ndo maana umekwepa miezi yote hii. Fungua soga lako na bibi, ingia kwenye menyu yake, kuna sehemu ya kutoa soga zima nje pamoja na sauti na picha, jitumie kwenye imeili yako. Ukishapata faili weka kopi kwenye laptopu au flashi, na kopi nyingine mpe mtu unayemwamini anayekaa nyumba nyingine, manake kopi mbili kwenye begi moja ni kopi moja, begi likipotea zote zimeenda. Hakikisha faili zinafunguka, chagua moja ambayo ulishawahi kuisikia zamani akiwa hai, sikia sekunde mbili tu ujue inacheza, funga. Na hiyo Biblia ipige picha kurasa zote zenye tarehe, sehemu yenye mwanga wa mchana, penseli inafifia na karatasi ya zamani inazidi kuwa njano, miaka kumi mbele hizo tarehe unaweza usizione.

Haya sasa tukae tuongee.

Umeniuliza kwa nini tarehe ilirudi kwenye Zaburi ya 13. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliweka simu chini kwanza. Mwanangu kaisome hiyo Zaburi, ni fupi, mistari sita tu. Mistari miwili ya mwanzo anauliza swali moja mara nne, hata lini. Hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso, anaendelea hivyo. Ni malalamiko! Bibi yako alikaa karibu miaka miwili hana la kumwambia Mungu, na siku alipopata la kusema, lilikuwa hilo. Alirudi na swali lake. Wewe ulitegemea mstari wa furaha na wengi tungetegemea hivyo, ila yeye alikuwa mkweli hata kwenye penseli yake, hakuweka tarehe pale ambapo moyo wake haukuwepo. Hiyo Zaburi mwishoni inafika kwenye kuimba, ni kweli, ila tarehe umesema aliiweka juu, pale pa swali, na mi naamini alijua anachofanya.

Na usidhani alikuwa peke yake kwenye hali ile. Kwenye hiyo hiyo Biblia kuna Zaburi ya 88 ambayo haifiki popote penye faraja, inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuitoa, imekaa humo na watu wameisali karne na karne. Kuna Naomi pia. Alifiwa na mume, akafiwa na watoto wake wawili wa kiume, akarudi kwao na alipofika wanawake wakamuita jina lake akakataa, akawaambia niiteni Mara, yaani uchungu, kwa sababu Mwenyezi kanitendea mambo machungu. Alisema hadharani, mji mzima unasikia. Aliyeandika kitabu cha Ruthu hakuyafuta maneno yale ili Naomi aonekane mzuri. Na mwisho wa kitabu ni huyo huyo Naomi kapakata mtoto kifuani, Obedi, akawa mlezi wake, na Obedi ndo baba yake Yese, na Yese ndo baba yake Daudi. Bibi mwenye uchungu akawa mlezi wa babu yake mfalme. Ukiitoa sura ya kwanza, ile ya mwisho utaisoma lakini haitakutoa machozi.

Kwa hiyo upande wangu mi naona hiyo habari iingie kwenye kitabu. Nasema wazi msimamo wangu usije ukadhani nazunguka. Wajukuu watakaosoma hicho kijitabu nao watazika watu, na siku hiyo wakikumbuka bibi ambaye hakuwahi kutetereka watajiona wao ndo wabovu. Wakikumbuka bibi aliyeenda kanisani karibu miaka miwili mdomo umefungwa, akakaa, akashika kitabu cha nyimbo ukurasa ule ule, watajua kumbe hata hivyo mtu anakuwa bado yuko njiani. Hicho ni kitu kikubwa sana cha kumwachia mjukuu, na bibi yako alikuachia wewe kwanza, usiku ule.

Ila kuna namna ya kulifanya na hapa naomba unisikilize vizuri. Alisema "sijawahi kumwambia mtu", hakusema "usimwambie mtu". Mi naona ni vitu viwili, wa kwanza anatua mzigo na wa pili anafunga mlango. Angekuwa amekukataza ningekwambia kaa nayo. Hajakukataza, lakini huyo mjomba alikuwa kaka yake mama yako mdogo. Umewahi kulifikiria hilo? Yeye naye alifiwa 1987, alikuwa ndani ya nyumba ile, huenda alikuwa bado msichana tu, kafiwa na kaka na mama yake akawa yupo ila kama hayupo. Unavyomwona anang'ang'ania hilo neno hajatetereka, inawezekana kabisa anamlinda mama yake, na inawezekana pia kuna vitu aliviona akiwa mdogo hajawahi kupata mtu wa kumuuliza. Huenda anajua mengi kuliko unavyodhani.

Sasa usiliandike hili kwenye grupu la familia, hapana, na usimtumie rasimu asome peke yake usiku. Nenda kwake. Nenda na Biblia, si na daftari lako. Mwambie mama mdogo kuna kitu bibi aliniambia na naona na wewe ni chako, halafu mfungulie pale penye pengo la tarehe umwoneshe, halafu Zaburi ya 13. Mwache ashike mwenyewe aone mwandiko wa mama yake. Nyamaza. Akilia mwache alie, akikasirika usijitetee, mpe siku kadhaa. Mama na wajomba wengine kama wapo nao waambiwe kabla ya kuchapa, hakuna mtu akutane na habari ya kaka yake kwenye kitabu mbele ya wageni.

Na kama baada ya yote hayo watasema hapana, isiwekwe? Basi usiiweke. Najua nimesema iingie, na bado nasema hivyo, ila huzuni ya yule kijana walianza kuibeba wao kabla wewe hujajua hata jina lake. Ila na wewe usiandike kwamba hakuwahi kutetereka, hilo neno kataa kwa heshima, andika tu aliyoyafanya. Na ile habari iandike kamili kwenye daftari lako, maneno yake kama alivyoyasema, weka tarehe, waachie watoto wako. Kijitabu cha familia si mahali pekee pa kumbukumbu.

Kuhusu kuandika kwenyewe, tatizo la ule ukurasa mmoja nadhani nalijua bila kuuona. Umeanza na ile orodha. Mcha Mungu, mpole, mvumilivu, hayo maneno unaweza kuyaweka kwenye kitabu cha bibi yeyote yakatosha, yanamkaa kila mtu kwa hiyo hayamkai mtu. Wakati wewe kwenye barua hii hii, bila kujaribu, umeniandikia miwani inayotafutwa kwa kupapasa saa kumi alfajiri, na jina la jirani adui linalotajwa kila siku bila hasira, na mtoto kitandani anayesubiri asikie lake ndo arudi kulala. Mi sijamwona bibi yako na sasa namwona. Hiyo ndo imani yake, huna haja hata ya kulitumia neno imani. Kata hicho kipande cha barua, anzia hapo.

Na kununa siku mbili weka pia, lakini weka na jinsi alivyokuwa anamaliza kununa, lazima kulikuwa na namna, watu wa hivyo huwa wana namna yao ya kuonyesha yameisha bila kusema yameisha. Uliza na ndugu. Usiwaulize bibi alikuwaje maana watakurudishia orodha ya mama mdogo, waulize, niambie kitu kimoja alichowahi kukufanyia, au kitu alichokuwa anakisema kila mara hadi mnakimaliza pamoja naye. Na huyo jirani, kama bado yupo hai, mtafute. Sijui atakwambia nini lakini mi ningetaka sana kusikia.

Tuje kwenye kuomba. Unasema unajiona mnafiki. Mwanangu mnafiki ni anayesema amekiona kitu wakati hakukiona. Wewe ulisikia, ulikuwa kwenye kitanda cha pili, wewe ni shahidi, na shahidi haulizwi kama yeye mwenyewe ana imani kiasi gani, anaulizwa aliona nini. Kwenye Agano Jipya lote neno bibi kwa maana ya mama wa mzazi limetokea mara moja tu, kwenye barua ya pili ya Paulo kwa Timotheo, sura ya kwanza mstari wa tano, na bibi mwenyewe anaitwa Loisi. Hatujui kingine chochote juu yake. Hakuna muujiza, hakuna hotuba, hatujui alifanya kazi gani wala alizikwa wapi. Tunachojua ni kwamba imani ilikaa kwake kwanza, kisha kwa binti yake Eunike, kisha Paulo akaiona kwa mjukuu. Na ukirudi nyuma mstari mmoja tu, wa nne, Paulo akiwa kifungoni anamwambia huyo huyo mjukuu kuwa anayakumbuka machozi yake. Machozi na bibi vimepandana hapo mstari kwa mstari. Sijui Timotheo alikuwa analia nini, ila najua hakuna mtu aliyemwambia kwa sababu umelia basi imani ya Loisi haimo ndani yako.

Kwa hiyo sitakwambia jilazimishe kupiga magoti. Mtu aliyekulea alishakuonyesha mtu asiye na la kusema anafanya nini, anaenda anakaa. Kama unataka, nenda kakae. Kama huwezi hata hicho kwa sasa, ni sawa, wala usimalizie kijitabu kwa maneno ya imani ambayo wewe leo huna, watu wakitegemea hayo mwishoni waache wategemee. Malizia na yeye.

Na kulia mbele ya miwani baada ya miezi saba, ndiyo, ni kawaida. Watu wengi wamesikia kwamba huzuni ina hatua tano, kwanza unakataa, kisha hasira, na kuendelea, wakifika mwezi wa saba wanajihesabia wako hatua ya ngapi. Hizo hatua aliziandika daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 na alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, hazikuanza kama ratiba ya waliofiwa. Huzuni ya mfiwa haipangi foleni. Siku ya mazishi ulikuwa na shughuli na watu na kusimama, miwani ilikukuta huna shughuli. Ila nikwambie na upande wa pili, Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika toka 2022 limeweka huzuni iliyorefuka kama hali inayohitaji matibabu, pale inapopita angalau miezi sita ikiwa kali, karibu kila siku, na imevunja maisha ya mtu, kazi haiendi, watu anawakimbia, haoni sababu ya kuishi. Kwa ulivyonieleza sioni hayo kwako, unafanya kazi unakula unacheka. Lakini mimi nasoma barua tu, wewe ndo unaishi humo ndani. Ukiona inaelekea huko, au ukianza kutamani kumfuata, usimalize siku bila kumwambia mtu na kumwona daktari au mshauri nasaha. Nakuomba hilo kama shangazi kweli.

Imebaki ile voisi ya sekunde 47. Kijitabu hakiihitaji, kwa hiyo usijipe presha kwamba lazima uisikie kabla ya mwaka kutimia. Inaweza kuwa ni kitu kizito na inaweza kuwa anakuuliza tu kama umefika salama, mabibi ndo walivyo. Iokoe leo pamoja na zile 42. Siku ukitaka kuifungua, mwambie mtu mmoja kuwa leo naifungua, awe karibu hata kama ni chumba cha pili, kama wewe ulivyokuwa chumbani kwake. Na ukishaisikia si lazima uniandikie ilisema nini.

Shangazi yako